Unaapgredi kompaila na Fortran yako inaongea na C? Pitia haya kwanza

Wenzangu mlio na programu za zamani za Fortran ambazo zinaitwa na C au Python, hii ni yenu. Mko wengi kuliko vile watu wanadhani. Mahesabu ya mvua, ya mito, ya nguzo za majengo, hata zile laibrari za aljebra ambazo lugha za R na Python zinaegemea chini kwa chini, nyingi bado ni Fortran, na mtu akisikia hilo jina anafikiria ni kitu ya 1957 imewekwa makumbusho, kumbe iko kwa sava inafanya kazi saa hii.

Niwaambie kilichotupata. Kazini, ofisi moja hapa Nairobi ambayo sitaitaja, tuna programu inasoma mvua ya kila siku kutoka vituo kama Dagoretti, Wilson na Eastleigh, inapiga hesabu, inatoa ripoti. Hesabu ni Fortran, iliandikwa na mzee mmoja ambaye sasa amestaafu, na juu yake kuna C inayofungua mafaili na kuita zile sabrutini, yaani vile vipande vya hesabu. Miaka yote ilikuwa inakompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu ya kuendesha, kwa mashine ya Linux ya Ubuntu 18.04 bila maneno. Tukahamia 22.04. Siku ya kwanza kompaila ikakataa kabisa, mtu akaongeza flegi moja (maagizo ya ziada kwa kompaila) aliyoipata mahali, ikakubali, tukafurahi. Kusoma mvua ikaenda sawa. Kufika kwa ripoti, programu ikaanguka, tukarudia ikapita, tukarudia tena ikaanguka, na ile mara ilipita jina la kituo lilikuwa "Dagoretti" halafu uchafu umefuata nyuma yake.

Hiyo ripoti najua inasomwa na nani. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, vile watu wa Mathare walibebewa nyumba na mto usiku, mimi siwezi kuangalia namba ya mvua nikasema ni namba tu. Kwa hivyo nilikaa na hii shida mpaka nikaimaliza, na hii hapa ndiyo njia niliyopita, ila nimeipanga vizuri ili wewe usizunguke kama mimi.

Hatua ya 1: Jua unatoka wapi unaenda wapi

Kabla hujagusa mstari wowote andika mahali: mashine ya zamani ina kompaila toleo gani, mpya ina gani.

```
gfortran --version
ldd ./programu_yako | grep gfortran
```

GCC ndiyo familia ya kompaila ambayo gfortran imo. Ubuntu 18.04 inakuja na GCC 7, 20.04 inakuja na GCC 9, 22.04 na GCC 11, 24.04 na GCC 13. Kwa nini hii ni muhimu? Kwa sababu kuna mipaka miwili mikubwa katikati hapo, GCC 8 iliyotoka 2018 na GCC 10 iliyotoka 2020, na sisi tuliruka yote miwili kwa siku moja bila kujua.

Hiyo amri ya pili itakuonyesha laibrari ya Fortran unayotumia. Ukiona libgfortran.so.3 hiyo ni GCC 6 kurudi nyuma, .so.4 ni GCC 7, na .so.5 ni GCC 8 kuja mbele. Ukiona mbili tofauti ndani ya programu moja simama hapo hapo. Inamaanisha kuna kipande kilikompailiwa zamani, mtu akakibeba tu kama kilivyo, na kinaongea lugha ya ndani ambayo vipande vingine vimeacha kuongea. Tafuta hicho kipande ukikompaili upya kutoka mwanzo, na kama faili ya asili imepotea basi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kuitafuta.

Hatua ya 2: Elewa kile kompaila inaongeza bila kukuambia

Hapa ndipo penye mambo, kwa hivyo tuende polepole.

Sabrutini ya Fortran ya kawaida ukiiita kutoka C, kuna mazoea matatu ambayo hakuna mtu ameyaandika kwa faili yako, ni kompaila imeamua. La kwanza ni jina: gfortran inachukua jina, inaliweka herufi ndogo, inaongeza mstari wa chini mwishoni, ndio maana `soma_mvua` inakuwa `soma_mvua_`. La pili ni kwamba Fortran inapitisha anwani, haipitishi thamani yenyewe kama C. Hayo mawili kila mtu huyajua baada ya wiki moja ya kusumbuka.

La tatu ndilo linaua. Angalia hii:

```
subroutine soma_mvua(jina, siku, mvua)
  character(len=*) :: jina
  integer :: siku
  real*8 :: mvua(siku)
```

Hapo unahesabu paramita ngapi? Tatu. Lakini kompaila inahesabu nne. Kila paramita ya maandishi inakuja na mwenzake wa siri, urefu wa hayo maandishi, na gfortran inauweka mwisho kabisa wa orodha, na huo unapitishwa kama thamani, si anwani. Maandishi mawili, urefu mbili, kwa mpangilio uleule. Ndio maana upande wa C mzee wetu aliandika hivi:

```
extern void soma_mvua_(char *jina, int *siku,
                       double *mvua, int urefu);
```

Na alikuwa sawa kabisa, mpaka GCC 7. Kuanzia GCC 8 huo urefu wa siri uliacha kuwa int, ukawa size_t, yaani kwa mashine ya biti 64 ulitoka baiti 4 ukawa baiti 8. Walikuwa na sababu nzuri, maandishi marefu kupita gigabaiti mbili hayangetosha kwa int. Lakini ile faili yetu ya C bado inasema int, na C haina njia ya kujua upande wa pili umebadilika, linka nayo, ile inayounganisha vipande kuwa programu moja, inaangalia jina tu, haiangalii aina za paramita, kwa hivyo kila kitu kinaungana vizuri na hakuna onyo hata moja.

Sasa mbona soma_mvua ilifanya kazi na ripoti ikaanguka? Hili lilinikosesha usingizi siku mbili. Kwa Linux ya prosesa za Intel na AMD za biti 64, paramita sita za kwanza za namba nzima na anwani zinapita kwa rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), kuanzia ya saba zinapita kwa staki (sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na kila mwito). Soma_mvua ina anwani tatu na urefu, jumla nne, zote ziko kwa rejista, na prosesa ikiandika biti 32 kwa rejista inafuta zile 32 za juu zinakuwa sifuri. Kwa hivyo int iliyosomwa kama size_t inatoka sawa. Ni bahati tu, lakini bahati inayojirudia kila siku mpaka unaiamini.

Sabrutini ya ripoti ina anwani nane halafu urefu, huo urefu ni wa tisa, uko kwa staki. C inaandika baiti 4, Fortran inasoma baiti 8, na zile 4 za juu ni chochote kilichokuwa kimeachwa hapo na kazi iliyopita. Zikiwa sifuri, inapita. Zikiwa na kitu, Fortran inaambiwa jina la kituo lina herufi mabilioni kadhaa, inaanza kusoma kumbukumbu isiyo yake, inaanguka.

Nilimpigia yule mzee simu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ule urefu wa jina ulioweka mwisho wa ripoti, uliupata wapi?" Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Kijana, ule si mimi nilioweka. Kompaila ndiyo ilikuwa inauweka, mimi nilikuwa namfuata tu."

Na kuna wale ambao hawaupitishi huo urefu kabisa. Hii ni tabia ya miaka mingi kwa watu wanaoita LAPACK (laibrari ya aljebra ya Fortran) kutoka C, kwa sababu paramita zake za maandishi ni herufi moja tu, kama "U" au "N", na LAPACK yenyewe haiangalii urefu. Ilikubali miongo mizima. Halafu 2019 watu wa R wakagundua hesabu zinaharibika: gfortran mpya ilikuwa inaboresha mwito wa mwisho wa sabrutini, inatumia tena ile nafasi ya staki ambayo inajua ni ya paramita zake, ikiwemo nafasi ya urefu. Lakini kama C haikupitisha urefu, hiyo nafasi si yake, ni ya aliyeita, na inaandika juu ya data ya mwenyewe. Dawa ya haraka ni kukompaili hiyo laibrari na `-fno-optimize-sibling-calls`. Dawa yenyewe ni kupitisha urefu, na R wenyewe ndiko walikoenda, waliweka makro ya FCONE ili waandishi wa pakeji wapitishe ule urefu waliokuwa wanauruka.

Hatua ya 3: Tafuta milango yote

Mlango naita kila mahali C inaingia Fortran au Fortran inaingia C. Hii ni haraka:

```
nm hesabu.o | grep ' T '
grep -n '_ *(' *.c
```

Ya kwanza inakupa majina yote yanayotoka nje, ya pili inakuonyesha C inaita nani. Itakuletea na takataka nyingine, sawa, pitia kwa macho. Andika orodha kwa karatasi, na kwa kila mlango weka alama mbili: kuna maandishi? kuna logical (aina ya kweli au uongo)? Yenye alama ndiyo utaanza nayo. Sisi tulikuwa na milango kumi na minne, mitano ilikuwa na maandishi. Sio kazi ya mwezi mzima, usiogope.

Hatua ya 4: Kompaila ikikataa, msikilize

Turudi kwa ile flegi. Kuanzia GCC 10, ukiita sabrutini ileile mara mbili ndani ya faili moja na aina tofauti, kompaila inakataa:

```
Error: Type mismatch between actual argument at (1)
and actual argument at (2) (REAL(4)/REAL(8)).
```

Zamani ilikuwa inapita. Ukiweka `-fallow-argument-mismatch`, au `-std=legacy` ambayo inaibeba ndani, kosa linakuwa onyo tu na programu inakompailiwa. Naelewa mbona watu wanaiweka, kuna programu kubwa za hali ya hewa ambazo zisingekompailiwa bila hiyo flegi, na wakati mwingine huna ruhusa ya kugusa msimbo wa watu. Lakini kwa programu yako mwenyewe naomba usifanye hivyo siku ya kwanza. Iache ikatae, soma kila kosa. Kwetu yalitoka makosa sita, matano yalikuwa namba moja kupitishwa mahali pa safu, kitu ambacho hakikuwa na madhara kwetu, na la sita lilikuwa real ya baiti 4 inaenda mahali pa baiti 8. Hilo la sita lilikuwa limekaa hapo miaka, kwa hesabu ya wastani wa mwezi wa kituo kimoja ambacho hatukitumii sana. Flegi ingelifunika tena na lingeendelea kukaa.

Dawa yake nzuri ni kuweka sabrutini zako ndani ya moduli. Zikiwa ndani ya moduli, kompaila inaziona na inalinganisha kila mwito na tangazo lake, huhitaji kuandika intafesi kwa mkono. Jua tu ukifanya hivyo jina la ndani linabadilika, gfortran inaandika `__hesabu_MOD_soma_mvua`, na kompaila nyingine zinaandika namna yao, kwa hivyo C iliyokuwa inaita jina la zamani italia. Usijaribu kuita hilo jina refu kutoka C. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Andika mkataba mwenyewe

Tangu Fortran 2003 kuna njia rasmi ya kuongea na C: `bind(C)` na moduli inaitwa `iso_c_binding`. Ukiitumia, jina ni lile umeandika wewe, aina ni zile za C, na ule urefu wa siri hauko tena. Kompaila haina la kuamua kwa niaba yako, na toleo jipya likija halina pa kubadilisha.

Hauhitaji kuandika upya hesabu za mzee. Acha sabrutini yake ilivyo, iweke ndani ya moduli, kisha jenga mlango mdogo mbele yake:

```
subroutine leta_mvua(jina, urefu, siku, mvua) &
    bind(C, name="leta_mvua")
  use, intrinsic :: iso_c_binding
  use hesabu, only: soma_mvua
  implicit none
  integer(c_int), value :: urefu, siku
  character(kind=c_char), intent(in) :: jina(urefu)
  real(c_double), intent(out) :: mvua(siku)
  character(len=urefu) :: jina_f
  integer :: i
  do i = 1, urefu
    jina_f(i:i) = jina(i)
  end do
  call soma_mvua(jina_f, siku, mvua)
end subroutine
```

Na upande wa C:

```
void leta_mvua(const char *jina, int urefu,
               int siku, double *mvua);

leta_mvua(kituo, (int)strlen(kituo), 31, mvua);
```

Angalia vitu vitatu hapo. Urefu sasa uko wazi, unauona kwa macho, umekaa pale ulipouweka na una aina uliyoichagua. Pili, maandishi yanapita kama safu ya herufi moja moja, sio `character(len=*)`, hiyo ndiyo inafukuza paramita ya siri. Tatu, `value` kwa urefu na siku, ili C ipitishe 31 moja kwa moja bila kutafuta anwani ya 31.

Hiyo `value` nayo ina mtego wake. Watu wengi wanaiweka kwa sabrutini ya kawaida isiyo na bind(C) wakidhani wamemaliza. Kiwango cha Fortran kinasema tu kwamba sabrutini ikibadilisha hiyo paramita, aliyeita haoni mabadiliko. Hakisemi ipitishwe vipi. Kompaila moja inaweza kupitisha thamani kwa rejista, nyingine ikatengeneza nakala na kupitisha anwani ya hiyo nakala, na zote ziko sawa kisheria. Ukitaka thamani ya kweli kama ya C, `value` na `bind(C)` ziende pamoja.

Kitu kingine cha maandishi: C inamaliza neno kwa baiti ya sifuri, Fortran inajaza nafasi tupu mpaka mwisho. Jina likirudi kutoka Fortran kwenda C, kata nafasi kwa `trim` kisha ongeza `c_null_char`, na hakikisha upande wa C umetenga herufi moja zaidi. Dagoretti ni herufi tisa, tenga kumi. Ule uchafu tuliouona nyuma ya jina ulikuwa wa aina hii, C ilikuwa inaendelea kusoma kwa sababu hakuna aliyeiambia neno limeisha.

Hatua ya 6: Logical, na kama unatoka au unaenda Intel

Kwa gfortran kweli ni 1. Kwa kompaila ya Intel, kwa difolti yake, kweli ni -1. Kwa hivyo C yako ikiwa imeandika `if (iko == 1)`, siku ile mtu atakompaili na Intel, kila kweli inakuwa uongo kimya kimya. Ukiandika `if (iko)` utapona hapo, lakini salama zaidi ni `logical(c_bool)` kwa mlango na `_Bool` kwa C. Kuna flegi ya Intel inaitwa `-fpscomp logicals` inayobadilisha hiyo -1 kuwa 1, na kwa Intel iweke hata ukitumia `c_bool`.

Na kwa wale wa Windows wenye programu za kale kabisa za Compaq Visual Fortran: ile kompaila ilikuwa inaweka urefu wa siri mara tu baada ya anwani ya maandishi, katikati ya orodha, Intel ikaja ikauweka mwisho, na flegi ya `/iface:cvf` ndiyo inarudisha mpangilio wa zamani. Ukirithi programu ya hivyo yenye biti 32, uliza kwanza ilikompailiwa na nini kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 7: Mwachie kompaila akukague

Usiandike matangazo ya C kwa mkono kama kuna njia. Kuanzia GCC 9:

```
gfortran -fc-prototypes -fsyntax-only milango.f90 > milango.h
```

Inasoma milango yako yenye bind(C) na kukuandikia faili ya matangazo. Iite kutoka kila faili ya C, futa kila `extern` iliyoandikwa kwa mkono, na iweke kwa mfumo wako wa kujenga ili ijiandike upya kila mara, si mara moja ukasahau.

Kisha kompaili pande zote mbili na `-flto`. Ile linka ambayo nimesema haiangalii aina, ukiipa `-flto` inapata kuona ndani na inaweza kukuonya kwamba C na Fortran hazikubaliani. Mara ya kwanza nilipoiweka kwa msimbo wetu wa zamani ilinionyesha mlango ambao sikuwa nimeuandika kwa orodha.

Halafu jenga nakala moja ya kujaribu na `-g -fcheck=all` upande wa Fortran na `-fsanitize=address` pande zote. Itaenda polepole, hiyo ni ya majaribio tu. Jaribu hasa sabrutini zenye paramita nyingi, zile zinazozidi sita, na uite kila moja zaidi ya mara moja ndani ya programu moja, maana staki ya mwito wa kwanza mara nyingi iko safi na ndiyo inakudanganya.

Mwisho, usizime mashine ya zamani bado, au itunze ndani ya kontena yenye Ubuntu 18.04. Chukua data ya mwezi mmoja wenye mvua nyingi, sisi tulichukua Aprili, endesha pande zote mbili, linganisha ripoti mstari kwa mstari. Tofauti ndogo kwenye tarakimu za mwisho kabisa za desimali ni kawaida, kompaila mpya inapanga hesabu tofauti. Jina la kituo likipungua hata herufi moja, au namba ikiruka, rudi kwa orodha yako ya milango uanze na yenye maandishi.

Yetu ilichukua siku tisa kwa jumla. Ripoti ya kwanza ya mashine mpya nilimtumia mzee kwa simu, akaipitia yote, akaniuliza kitu moja tu, kama bado tunasoma kile kituo cha mwisho kwa orodha. Nikamwambia ndio mzee, na sasa wastani wake uko sawa.